Kasoro Ambayo Emilienne Hakuitaja

"Jalada la nyuma halipo. Mchwa wamekula pembe ya chini kuanzia ukurasa wa tisini, lakini hawakufika kwenye maandishi. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili una doa la mafuta ya mawese, ila ukiuinua juani maneno yanasomeka. Kuna mtu aliandika jina lake mara saba kwa kalamu nyekundu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Anayekitaka aseme."

Kwa ujumbe wa sauti wa namna hiyo watu wa Kasongo, Samba, Kabambare na hata Kindu walimjua Emilienne. Wengi wao hawajawahi kumwona. Walijua sauti nene isiyo na haraka, iliyokuwa ikishuka kwenye kundi la WhatsApp kila Jumamosi baada ya saa nne asubuhi, pamoja na picha za vitabu vikuukuu vilivyopangwa juu ya mkeka. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua zaidi kidogo, nami nayaandika niliyoyajua kwa sababu yeye mwenyewe hana tabia ya kujieleza.

Alizaliwa Nyangwe, mtoto wa mvuvi wa Lualaba. Akiwa na miaka kumi na mbili aliletwa Kasongo kusoma kwa masista, akamaliza mwaka wa sita wa sekondari, akabaki. Leo ana miaka hamsini na moja. Ni karani wa shule moja ya sekondari hapa mjini: anaandika majina ya wanafunzi, anapiga mihuri, anatunza funguo. Mumewe, Alain, aliyekuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko, alikufa kwa ugonjwa wa sukari miaka minane iliyopita. Mtoto wao mmoja, Laetitia, yuko Kindu, anasomea uuguzi. Ndiyo maana wenyeji humwita Mama Laetitia, na wa mbali humwita Mama ya vitabu.

Vitabu vilimjia bila yeye kuvitafuta. Programu ya hesabu na ya sayansi ilipobadilishwa, vitabu vya zamani viliondolewa madarasani, vikarundikwa depo, chumba cha nyuma ambako popo walikuwa wakilala. Wakati huo Emilienne alikuwa na miezi mingi hajapata prime yake, ile posho inayotoka kwa wazazi. Siku moja prefe, mkuu wa shule, alimwita.

"Mama Laetitia, pesa hakuna. Lakini kule depo kuna vitabu. Ukiona vina faida, beba."

"Vile vilikufa?"

"Si unajua kuzika? Beba."

Alivibeba kwa baiskeli ya marehemu, safari kumi na moja. Vilikuwa mia tatu na arobaini, wala si vyote vya hesabu; kulikuwa na kamusi, vitabu vya dini, hadithi, vitabu vya kilimo. Laetitia alikuwa bado hajaenda Kindu, naye ndiye aliyemfundisha mama yake kuviuza kwa simu. Alimwonyesha namna ya kupiga picha mchana nje, siyo kitandani. "Na usipige picha miguu yako, Mama. Watu wananunua vitabu, hawanunui vidole."

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Ijumaa jioni alichagua vitabu sita. Jumamosi alfajiri alivifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akaviweka kivulini vipate hewa, kwa maana jua kali linapasua gundi. Migongo iliyoachia aliigandisha kwa gundi ya muhogo aliyoipika mwenyewe. Kisha alifungua kila kitabu akahesabu kurasa zake zote, moja moja, hata kama ni mia nne. Tabia hiyo ilianza baada ya mke wa mchungaji mmoja wa Samba kumrudishia kamusi kwa moto, yaani pikipiki, na ujumbe juu yake: "Mama, kamusi yako haina mama, haina nyumba, haina hata pesa. Kutoka L inaruka inaenda R." Emilienne alirudisha pesa siku ileile. Tangu hapo hakuuza kitabu bila kutaja kila kilichopungua. Sokoni kwetu muuza nguo za mitumba hulikunja shati ili tundu lisionekane. Yeye alianza na tundu. Watu walicheka kwanza, halafu wakaanza kumwamini kuliko muuzaji mwingine yeyote, na vitabu vikaanza kusafiri. Alivifunga kwa karatasi ya katoni, akavitia ndani ya mfuko wa plastiki, akavikaza kwa mpira wa tairi la ndani, akampa motari, dereva wa moto, anayeelekea upande ule. Malipo yalikuja kwa simu. Hayakuwa mengi. Yalinunua sabuni, mega za intaneti, na kila mwezi kitu kidogo cha kumtumia Laetitia.

Ila kwenye vitabu vya hesabu kulikuwa na kasoro moja ambayo hakuitaja hata siku moja. Hakusema kwamba programu imebadilika.

Jean-Pierre, mwalimu wetu wa hesabu, alimwuliza waziwazi ofisini, mbele yangu.

"Mama Laetitia, ile hesabu ya mwaka wa sita unayouza, wanunuzi unawaambia kwamba ni ya zamani?"

"Wanaona kwenye picha. Kitabu kikuukuu kinajionyesha."

"Ukuukuu wa karatasi siyo ukuukuu wa programu. Nusu ya mambo yale hayaulizwi tena. Na yanayoulizwa hayamo."

"Wanaonunua ni walimu, Mwalimu. Wanajua kazi yao."

"Sawa," alisema Jean-Pierre, akachukua chaki zake akatoka. Emilienne akaendelea kupiga mihuri. Ni kweli kwamba wanunuzi wengi walikuwa walimu wa vijijini waliotaka mazoezi ya kuwapa watoto. Kwa hiyo jibu lake halikuwa uongo, na kwa muda lilimtosha.

Kisha akaja Bulaimu.

Ujumbe wake wa kwanza uliingia mwezi wa pili, miaka mitatu iliyopita. Emilienne aliniwekea nisikilize kwa sababu ulimfurahisha.

"Mama ya vitabu, salamu sana. Miye naitwa Bulaimu. Niko Salamabila, kwenye mashimo ya zahabu. Niko na miaka ishirini na tisa, niko na bibi, Fatuma, na watoto wawili. Masomo niliachia mwaka wa tano, baba alikufa. Sasa nataka kufanya egzameni ya leta kama otodidakti, wale wenye kujisomea. Kifua yangu inaanza kukohoa vumbi, mama, shimo haitaniacha muzee. Nikipata diploma nitaingia uuguzi. Natafuta hesabu ya mwaka wa sita. Tafazali uniwekee."

Mtu anayejisomea hawezi kwenda moja kwa moja kwenye leta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kwanza hufanya mtihani wa awali, unaoandikwa hapa Kasongo, ndipo akubaliwe. Bulaimu alikuwa amejipa mwaka mmoja kujitayarisha. Emilienne alichukua nakala iliyo bora kuliko zote alizobakiza, akaihesabu, akamtumia sauti: jalada ni zima, mgongo umegandishwa upya, kurasa za thelathini na tisa hadi arobaini na mbili hazipo, mtu ameandika majibu kwa penseli kwenye sura ya tatu na baadhi yana makosa.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. "Mama, asante kwa kusema ukweli. Sasa swali moja tu. Hii njo ile wanatumia ku egzameni?"

Swali hilo lilimkuta amesimama nyuma ya ofisi, mahali mtandao unaposhika. Wiki ile Laetitia alikuwa ameomba pesa ya stage, mafunzo ya hospitalini, na aliyotumiwa kwanza ilikuwa imekwisha kwa dawa. Emilienne alisogeza simu mdomoni, akasema: "Ni kitabu tulichotumia shuleni kwetu miaka mingi, mwanangu. Watu wengi walipita nacho."

Kila neno lilikuwa kweli. Aliwahi kuniambia kwamba alipoachia kidole alijua amefanya nini. Alifunga kitabu kile kwa katoni mbili badala ya moja.

Mtu mwingine angenunua akanyamaza. Bulaimu hakunyamaza. Kila siku ya Ijumaa, baada ya sala, alipokuwa hashuki shimoni, alitafuta mtandao akatuma picha za daftari lake. Mazoezi yaliandikwa kwa mwandiko mdogo ulioinama, bila kufutwafutwa. "Mama, uangalie kama nimepotea." Emilienne hakuwa mtu wa hesabu, alimpelekea Jean-Pierre simu. Jean-Pierre alisoma, akakuza picha kwa vidole viwili, akasoma tena.

"Huyu ni nani?"

"Mtu wa Salamabila. Anachimba."

"Anachimba? Huyu angekuwa darasani kwangu ningelala usingizi mzuri." Alisogeza picha nyingine. "Lakini anasoma vitu ambavyo hataulizwa. Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie mapema, Mama Laetitia. Bado ana miezi kumi."

Alijaribu. Alirekodi ujumbe, akausikiliza, akaufuta. Alifikiri kwamba ni afadhali kwanza apate kitabu cha programu mpya, amtumie pamoja na habari yenyewe, ili habari mbaya ifike na dawa yake. Lakini vitabu vipya vilikuwa vichache. Shuleni kwetu kilikuwepo kimoja, cha Jean-Pierre, naye alikitumia kila siku. Aliulizia Kindu, bei ilikuwa mara tisa ya vitabu vyake. Akasema atangoja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi Laetitia aliugua malaria. Baadaye mvua zikaanza, mto Luama ukajaa, moto zikawa zinakaa siku nne njiani. Na kila Ijumaa picha zilikuja, na kila Ijumaa mtu yule alikuwa amesonga mbele sura moja, kwa hiyo kila Ijumaa kusema kulikuwa kugumu kuliko Ijumaa iliyopita. Mwezi wa kumi Jean-Pierre aliacha kumwuliza. Alikuwa akisahihisha mazoezi, akirudisha simu.

Siku nne kabla ya mtihani wa awali, saa tisa alasiri, mtu alibisha uani kwa Emilienne. Nilikuwa pale, nilikuwa nimepeleka orodha za darasa.

"Hodi! Hapa njo kwa Mama ya vitabu?"

"Karibu. Wewe ni nani?"

"Miye njo yule mutu wa kukusumbua ku telefone kila Ijumaa."

"Bulaimu!"

"Njo miye. Mama, nilizani uko munene! Sauti yako iko ya mutu wa kilo mia."

"Na mimi nilidhani una ndevu."

"Ndevu nilikata juu ya egzameni. Fatuma alisema, ukienda na ndevu watazani weye njo unakuja kuwasimamia."

Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, macho mekundu ya vumbi. Alileta jogoo aliyefungwa miguu na mfuko wa karanga. Alikuwa amefikia kwa shangazi yake karibu na msikiti, akanawa, akaja moja kwa moja. Alipokwisha kunywa maji alitoa ndani ya shati kitu kilichofungwa kwa plastiki, kitambaa, na plastiki tena. Kilikuwa kitabu kile. Kingo zake zilikuwa nyeusi kwa kushikwa, lakini hakuna hata ukurasa mmoja uliochanika. Mahali palipokosa kurasa alikuwa ameshona karatasi mbili za daftari kwa uzi.

"Ile uliniambia haiko, thelathini na tisa mupaka makumi ine na mbili. Niliangalia yenye kutangulia, nikaangalia yenye kufuata, nikatafuta mwenyewe nini ilikuwa katikati. Sijue kama njo vile."

Nilikipeleka kitabu chenye karatasi hizo mbili kwa Jean-Pierre jioni ile, Emilienne aliponiomba. Alizilinganisha na nakala nyingine ya zamani. Alipomaliza akasema kwamba Bulaimu hakukosea hata mstari, na kwamba njia yake kwa sehemu moja ilikuwa fupi kuliko ya kitabu. Kisha akainuka akaleta kitabu chake kipya, akanipa bila kuulizwa. "Mpelekee Mama Laetitia. Anajua cha kufanya nacho. Amebakiza siku tatu."

Emilienne alimpa Bulaimu kitabu kipya asubuhi iliyofuata. Lakini alimpa namna gani? Alisema: "Chukua na hiki, ukiangalie pia." Hayo tu. Aliniambia kwamba alimwona ameketi pale, amenyoa, amesafiri siku mbili kwenye matope, anacheka, naye akawaza kwamba siku tatu hazitoshi kujifunza programu nzima, zinatosha kumvunja moyo tu. Alichagua yeye mwenyewe, kwa niaba ya mwenzake, bila kumwuliza.

Kesho yake Bulaimu alirudisha kitabu.

"Mama, kitabu hii iko na mambo ingine kabisa. Ni ya option gani ya masomo?"

"Ni ya... wengine wanaitumia sasa."

"Aa. Basi niwaachie wengine. Miye nimeshika ile yetu. Nikichanganya zote mbili na siku mbili zimebaki, nitaingia mule kama mutu amekula majani ya sombe na sukari."

"Soma hata sura ya mwisho, mwanangu. Ile ya takwimu. Uisome kwa ajili yangu."

Alimtazama kidogo, akaona kwamba mama huyu anamsihi, akakichukua tena. "Kwa ajili yako, nitasoma."

Mtihani uliandikwa siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha. Emilienne aliomba ruhusa, akasimama barabarani ng'ambo ya lango na mwavuli. Wa kwanza kutoka walikuwa vijana, wakipiga kelele, wakiulizana majibu. Bulaimu alitoka karibu wa mwisho. Hakuwa na haraka ya kukimbia mvua.

"Imekuwaje?"

"Kifaransa nilifanya. Mambo ya jumla nilifanya. Hesabu..." Alitikisa kichwa. "Mama, ile takwimu uliniambia nisome, niliikuta. Zile swali tatu nilipata, nina hakika. Zingine zote nilikuwa naangalia tu. Maneno sikuwahi kuona. Watoto wa miaka kumi na nane wako wanaandika pembeni yangu, tik, tik, tik, na miye nimekaa kama jiwe."

Walitembea. Alikuwa akitembea nje ya mwavuli ingawa Emilienne alimnyooshea.

"Sasa nimejua," alisema. "Mwaka muzima nilizani niko na kichwa. Kumbe niko na kichwa ya kufanya tu yale mutu amekwisha kunionyesha. Wakinigeuzia kidogo, napotea."

Emilienne alisogeza tena mwavuli upande wake. Angeweza kumwambia ukweli palepale, barabara ilikuwa tupu. Alimpikia wali na maharage, akamfungia viazi vya njiani. Usiku ule, aliniambia, hakulala. Mtihani ulikuwa umekwenda, na huo haukuweza kurudishwa. Lakini lilikuwepo jambo lingine ambalo lilikuwa bado mikononi mwake: mtu huyu atarudi Salamabila akijua nini juu yake mwenyewe. Akirudi akijua kitabu kilikuwa kibovu, mwakani atakuja tena. Akirudi akijua kichwa chake ndicho kibovu, hatakuja.

Ijumaa asubuhi, mahali moto za Kabambare zinapopakia, alimkuta Bulaimu akifunga mfuko wake nyuma ya motari. Nilikwenda naye kwa sababu aliniomba, nadhani alitaka awepo mtu wa kumzuia asigeuke.

"Bulaimu, ngoja. Nina neno."

"Sema, mama."

"Siyo kichwa chako. Ni kitabu. Programu ilibadilika zamani. Kitabu nilichokuuzia hakitumiki tena, ndiyo maana nilikipata. Uliponiuliza siku ya kwanza nilijua. Nilikuzungushia maneno. Mwaka mzima nilijua."

Alisema yote hayo kwa pumzi moja, bila kulia. Bulaimu aliacha kamba. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akarudi kwake, na uso wake ukalegea polepole. Akatabasamu.

"Mama, acha."

"Ni kweli."

"Weye? Weye mwenye kusema hata tundu ya mchwa? Weye uliniambia kurasa ine haziko, uliniambia penseli ya mutu mwingine iko na makosa. Kama ile ilikuwa kweli, ungesema."

"Sikusema."

"Ungesema. Nakujua."

"Muulize huyu," Emilienne alisema, akinionyesha.

Nilisema kwamba ni kweli, programu imebadilika. Bulaimu alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza jirani aliyekuja kutoa pole.

"Mumekaa usiku mukapanga vile munipe moyo," alisema. "Nimeelewa. Nimefurahi sana." Alimshika Emilienne mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama mwenye kujibebesha makosa juu ya mutoto wa wengine, Mungu amulinde. Lakini miye siko mutoto tena. Nimejiona mwenyewe mule ndani."

"Bulaimu, nakuapia."

"Usiape, mama. Mvua itaanza."

Motari alikuwa amekwisha kuwasha. "Muzee, tunaenda ao tunabaki kuagana mupaka kesho?" Watu waliokuwa wakingoja wakacheka. Bulaimu alicheka nao, akapanda, akainua mkono. Moto ilipinda nyuma ya maduka.

Emilienne hakukubali kuishia pale. Alipiga picha orodha ya sura za kitabu cha zamani na ya kitabu kipya, akazituma pamoja. Bulaimu alishukuru kwa emoji ya mikono iliyokutana. Jean-Pierre naye alirekodi dakika sita nzima, akieleza sura kwa sura nini kimetoka na nini kimeingia, na kwamba karatasi mbili alizozishona kwa uzi ni kazi ya mtu mwenye akili kuliko wengi waliokwisha kupata diploma. Bulaimu alijibu: "Mwalimu, asante. Mama Emilienne amekusumbua sana juu yangu. Ile siku nikipita Kasongo nitawaletea karanga wote wawili." Majina ya waliokubaliwa yalipobandikwa ukutani, lake halikuwepo.

Baada ya hapo Emilienne alibeba vitabu vya hesabu na sayansi vilivyobaki, sitini na kitu, akawagawia wanawake wanaouza mikate sokoni wafungie. Mmoja alimwuliza kama ana vingine. Kwenye kundi aliandika tangazo refu, kwa herufi, si kwa sauti, akieleza alichokificha na kuwaomba walionunua wamwandikie awarudishie pesa. Waliomwandikia walikuwa wawili. Wengine walimsifu. "Mama ya vitabu, ukweli wako hauna mfano," aliandika mwalimu mmoja wa Kabambare, "wauzaji wengine wajifunze kwako." Sifa hizo alizisoma akaweka simu kifudifudi juu ya meza. Siku hizi anauza kamusi, vitabu vya dini na hadithi tu. Vinakwenda polepole. Laetitia alirudia mwaka mmoja kule Kindu kwa sababu ada ilichelewa.

Kitabu kipya alikinunua mwishowe, kwa bei ile ya Kindu. Alikihesabu kurasa, ingawa kilikuwa kipya, akakipeleka Salamabila bure. Motari alithibitisha kwamba kimefika. Fatuma, mke wa Bulaimu, ndiye aliyekipokea. Alituma neno kwamba mwanawe wa kwanza amefurahia picha zake.

Mwaka jana, uandikishaji wa wanaojisomea ulipofunguliwa, Emilienne alimtumia Bulaimu ujumbe wa kumkumbusha. Alijibu kwa salamu, akaulizia afya ya Laetitia, hakusema lolote juu ya mtihani. Mwaka huu ulipofunguliwa alimtumia tena, na safari hii akamwuliza waziwazi kama atajiandikisha. Akasema Jean-Pierre yuko tayari kumfundisha kwa simu, na ada ya kujiandikisha ataitoa yeye.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Lilikuwa la sekunde kumi na moja. Aliniwekea nisikilize, kama alivyoniwekea lile la kwanza, lakini safari hii hakuwa akicheka. Nyuma ya sauti zilisikika nyundo za watu wanaoponda mawe, nyingi, zikipishana, na katikati yake alikohoa mara mbili kabla ya kusema.

"Mama, usipoteze pesa yako. Miye nilishapimwa. Uitumie kwa mutu mwenye kichwa."

Emilienne alirekodi jibu. Nilimwona akiinua simu mdomoni na kuanza kueleza ukweli tena, tangu mwanzo, tangu siku ile alipokuwa amesimama nyuma ya ofisi. Aliutuma. Ulionyesha alama moja tu ya kutumwa, ukangoja mtandao wa upande ule.